Kutoka Mazeras hadi Malindi, Nikifuata Sakafu za Mawe

Ukiacha Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi na kupanda vilima vilivyo nyuma ya mji, unafika Mazeras, na hapo mawe yanakupokea kabla ya watu. Yamepangwa kando ya lami, yamesimamishwa kwa ubavu na kuegemezwa kwenye miti: mabamba ya kijivu, ya manjano yaliyofifia, mengine yenye michirizi ya rangi ya kutu. Wauzaji hukaa kivulini, na kila mmoja ana ndoo ya maji karibu yake. Gari likisimama, muuzaji huchota kopo moja akamwagia jiwe. Jiwe lililokuwa limefubaa kwa vumbi linakolea papo hapo, michirizi inajitokeza, na manjano inaiva. Mteja anauliza bei akiwa ameshalipenda jiwe, na amelipenda likiwa limelowa.

"Kazi yangu yote inaanzia kwenye ndoo hii," aliniambia fundi niliyekuwa naye.

Fundi huyu ni mzaliwa wa huku huku nyuma ya Mombasa, na anatandika sakafu za mawe tangu ujana. Siku hizi, simu nyingi anazopigiwa hazihusu kutandika. Zinatoka kwa watu ambao sakafu zao zimeingia weupe, zinabanduka au zinanata baada ya kupakwa sila, ile dawa ya kuzuia maji na madoa. Nilimwomba nifuatane naye Julai, masika yakiwa yamekwisha, kwa kuwa ndipo simu hizo zinapozidi. Nilikuwa na sababu yangu pia. Katika miji ya Pwani nimeona sakafu nzuri za mawe yetu zikivunjwa kwa mitaimbo ili kuwekwa vigae vya kutoka ng'ambo, na ukiuliza unaambiwa jiwe liliharibika. Mara nyingi jiwe halikuharibika hata kidogo. Kilichoharibika ni kile kilichopakwa juu yake, na hasara hiyo inaniuma, kwa sababu jiwe lenyewe lingeweza kukaa miaka na miaka.

Tuliingia kwanza kwenye timbo moja upande wa Mariakani. Hakuna mashine huko. Vijana wanaondoa udongo wa juu kwa sururu mpaka wanafikia mwamba uliojipanga tabaka juu ya tabaka, kisha wanapenyeza tindo kwenye mshono na kugonga kidogo kidogo, kutoka pembe moja hadi nyingine, mpaka bamba linaachia. Mzee aliyeitikia shikamoo zetu alikuwa akigonga mabamba yaliyokwisha kutoka na kutega sikio. Likitoa mlio mkavu, analiweka upande wa kuuzwa. Likitoa mlio mzito, lina ufa ndani, naye analitupa kwenye lundo la kokoto.

Hili ni jiwe la mchanga. Wanajiolojia wanaliweka katika kundi la mawe ya Duruma, na matabaka yake wameyapa majina ya mahali palipo kwenye njia hii hii: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras. Mchanga wake uliletwa na mito na kutuama takriban miaka milioni 200 iliyopita na zaidi, na katika tabaka la Mazeras yameonekana hata magogo yaliyogeuka mawe.

Fundi aliinama akadondosha tone la maji juu ya bamba lililotoka kupasuliwa. Tone halikukaa. Lilienea, likaacha doa jeusi, likazama tukiliangalia. "Lina kiu," alisema yule mzee. Fundi akaongeza kwamba kati ya punje na punje za mchanga kuna vijia, na maji yanayoingia kwa vijia hivyo hutokea humo humo. "Mwenye kopo la vanishi anafikiria njia ya kuingilia tu," alisema. "Mimi nafikiria ya kutokea."

Kutoka Mariakani tulishika barabara ya Kaloleni, katikati ya minazi, tukatokea Mavueni na kuvuka daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka 1991 na kupumzisha watu na kivuko. Nyumba ya wageni tuliyoitiwa iko juu ya mkono wa bahari. Ina ukumbi wa ndani na baraza pana inayotazama maji, zote zimetandikwa mawe ya Mazeras, na kwa mbali zinapendeza. Ukikaribia unaona shida. Ndani, sakafu imefunikwa na ukungu mweupe uliokaa mabaka mabaka. Nje barazani, utando wa dawa umeachana na jiwe na unabanduka vipande vipande, na kandokando ya grauti pameota kitu cheupe chenye manyoyanyoya.

Mama mwenye nyumba alitupa chai kwanza, kisha akatueleza. Sakafu ilipotandikwa alimwambia aliyeipaka dawa kwamba anataka ing'ae, iwe kama mawe aliyoyaona Mazeras siku aliyoyanunua. Ikang'aa. Baada ya mvua za kwanza weupe ukatokea, naye yule aliyeipaka dawa akarudi na kopo jingine akapaka juu yake. Weupe ukarudi, na kopo likarudi. "Sasa fundi, niambie tu kama nivunje," alisema.

Fundi hakujibu upesi. Alipiga magoti barazani na kuanza kuitazama sakafu, nami nikapiga magoti ubavuni mwake. Alidondosha maji mahali palipong'aa: tone likasimama limevimba. Akadondosha mahali palipobanduka: likanywewa. Akachukua ncha ya kisu akainua ukingo wa utando, ukatoka kipande cha ukubwa wa ukucha, laini na chenye kupitisha mwanga. Alikigeuza upande wa chini akanipa. Chini yake palikuwa na mchanga. Punje za jiwe lenyewe zilikuwa zimeshikamana na ile dawa na kung'oka nayo, na mahali ilipotoka jiwe lilikuwa na kishimo cheupe kinachomomonyoka ukikigusa kwa kidole.

Nadhani kipande kile kilinifundisha zaidi ya maelezo yoyote. Dawa iliyowekwa kulinda jiwe ilikuwa inaling'oa.

Kwa ufupi, dawa za jiwe ni za koo mbili. Kuna zinazokaa juu na kufanya utando: akriliki, poliurethini na zile zote zinazoitwa vanishi, na hizi ndizo zinazotoa mng'ao wa jiwe lililolowa. Na kuna zinazozama ndani, nyingi zikiwa za silani na siloksani. Hizo hupaka kuta za vile vijia bila kuviziba, maji yakashindwa kuingia kwa juu huku mvuke ukiendelea kutoka. Ya kwanza inampendeza mwenye nyumba machoni siku ya kwanza. Ya pili kwa kawaida haibadilishi rangi sana isipokuwa imetengenezwa kwa kusudi hilo, na kwa sababu haionekani, watu huhisi wamelipia maji.

Kujua ni ukoo gani, fundi alilowesha pamba kwa asitoni na kuibandika juu ya sehemu inayong'aa. Baada ya muda mfupi utando ulilainika, ukanata, na pamba ikatoka na mng'ao wake. Hiyo ni akriliki. Ingekuwa poliurethini ya kuchanganya makopo mawili, asitoni isingeifanya kitu kwa wepesi huo, na kazi ingekuwa nzito zaidi.

Lililobaki lilikuwa kutafuta maji yanatoka wapi, na hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka. Tulizunguka nyumba. Upande mmoja wa baraza palikuwa na kitanda cha maua kilichojengwa juu kuliko sakafu, udongo wake ukiegemea ukuta, na kijana wa bustani huumwagilia kila jioni maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi, na haya tuliyaonja: yalikuwa nayo. Gata la paa nalo lilikuwa linamwaga kwenye kona hiyo hiyo. Mama alikumbuka kwamba wakati wa ujenzi hapakutandikwa nailoni nyeusi chini ya zege la baraza. Iliwekwa ndani tu. Basi maji ya bustani na ya paa yalikuwa yanaingia chini ya mawe, yanabeba chumvi ya kisima na ya mchanga wa kujengea, na yanapanda juu. Yakifika kwenye utando yanakwama. Jua likipiga, maji yanapata mwanya wa kutoka kidogo kidogo, lakini chumvi haitoki. Inaganda pale pale chini ya dawa, inakua, na ikikua lazima kitu kiachie. Huachia jiwe, kwa sababu sehemu yake ya juu ndiyo dhaifu.

Jioni tulikata kipande cha nailoni, kama mkono kwa mkono, tukakibandika barazani kwa selotepu pande zote nne, na kingine ukumbini. Asubuhi, ile ya nje ilikuwa na matone mengi kwa chini na jiwe lake limekuwa jeusi. Ile ya ndani ilikuwa kavu. Jaribio hili halina gharama, na sioni kwa nini sakafu yoyote ya jiwe ipakwe dawa kabla halijafanywa.

Kwa hiyo weupe wa ndani na weupe wa nje haukuwa ugonjwa mmoja. Ukumbini dawa ilipakwa nzito, jiwe likiwa bado na unyevu wa kuoshwa, nao ukafungiwa ndani ya utando. Hapo fundi hakukwangua chochote. Alifungua madirisha yote, akatuvalisha barakoa zenye vichujio vya kemikali, akazima jiko na mshumaa wa ubani uliokuwa ukiwaka pembeni, kisha akapitisha zailini kidogo kwa rola sehemu ndogo nyuma ya mlango. Zailini huyeyusha akriliki upya na kuupa unyevu nafasi ya kutoka. Tulisubiri. Ukungu ulififia, ukaondoka, na rangi ya jiwe ikarudi chini yake. Mama aliyekuwa amesimama mlangoni akijifunika pua kwa leso alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti, na mimi nilifurahi kama nyumba ni yangu. Sakafu yote ya ndani ilipitishwa hivyo, kipande kwa kipande, na dawa iliyozidi ikafutwa kwa vitambaa.

Baraza ilikuwa kazi nyingine. Kwanza chumvi ilifagiliwa ikiwa kavu, kwa brashi, ikazolewa na kutupwa mbali. Ukianza kwa maji, unaiyeyusha na kuirudisha ndani ya jiwe. Kisha ikaja dawa ya kuondoa utando. Fundi hatumii zile zenye metilini kloridi, ambazo mvuke wake umeua watu waliofanya kazi vyumbani. Marekani ilikwisha kuzipiga marufuku kuuzwa kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Alitumia ya aina ya jeli, isiyowaka wala kukauka upesi, akaifunika kwa nailoni ili ifanye kazi, halafu akasugua kwa brashi ya nailoni. Msaidizi wake alikuja na brashi ya waya, akaizuia. Nyuzi za chuma zinakatika na kubaki ndani ya jiwe, na zikipata unyevu wa bahari zinatoa kutu ambayo utaihangaikia kuliko vanishi.

Kijana wa bustani alileta chupa ya asidi, ile wanayosafishia vyoo na kuondolea saruji. Alikuwa anataka kusaidia, na ukweli ni kwamba mafundi wengi wangeipokea. Fundi alimshukuru na kumwomba airudishe stoo. Asidi ya hidrokloriki huacha kloridi ndani ya jiwe, nayo ni chumvi nyingine juu ya chumvi iliyopo, tena huamsha chuma kilicho ndani ya mawe haya ya manjano na kuacha madoa ya kahawia. Kwenye jiwe la matumbawe au marumaru ni mbaya zaidi, maana hula jiwe lenyewe.

Baada ya kusuuza, mahali palipokuwa na chumvi nyingi tulibandika tope la udongo mweupe wa kaolini uliochanganywa na karatasi laini zilizorowekwa. Maji ya kulichanganya hayakutoka kisimani. Yalitoka kwenye tangi la mvua nyuma ya jikoni. Tope likikauka polepole huvuta maji yaliyo ndani ya jiwe, na chumvi inakuja nayo na kuganda kwenye tope badala ya kwenye sakafu. Ukilibandua unalirudia tena, mpaka jipya linatoka bila weupe.

Tope halina haraka, nasi tukaliacha likauke tukapanda matatu ya Malindi. Nilishuka Gede kwa muda. Magofu yale, ambayo James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948 na ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, yamejengwa kwa matumbawe na chokaa. Msitu umeyameza, mizizi imepita juu ya kuta, mvua inanyesha juu yake mwaka hata mwaka, na bado kuta nyingi zimesimama. Chokaa hainyimi maji ruhusa ya kutoka. Nilikumbuka nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja ambazo zilipigwa lipu ya saruji ili zionekane mpya. Unyevu ukafungiwa ndani ya ukuta wa matumbawe, lipu ikavimba na kumeguka, na mafundi wa ukarabati wanalazimika kuibandua na kurudisha chokaa. Ni shida ile ile ya baraza ya Kilifi iliyosimamishwa wima.

Malindi fundi alikuwa na nyumba ya kuangalia. Ilikuwa na sakafu ya marumaru jikoni, iliyopakwa dawa ya kuzama, dawa nzuri kabisa. Lakini ilikuwa na michirizi inayonata, ikikusanya nyayo na vumbi. Marumaru hainywi sana. Dawa inayobaki juu baada ya dakika kumi hivi lazima ifutwe mpaka kitambaa kitoke kikavu, na hapa iliachwa ikauke yenyewe. Suluhisho lake lilinishangaza: fundi alimwaga dawa ile ile kidogo juu ya michirizi. Mpya ililainisha ya zamani, naye akafuta zote mbili mara moja kwa taulo safi, akibadilisha upande wa taulo kila wakati. Ikatoka.

Mahali pengine hapakutoka. Karibu na meza ya kukatia palikuwa na alama hafifu za mviringo, na mwenye nyumba aliamini dawa imefeli. Fundi alimwuliza mpishi, dada mmoja mchangamfu, kama hukamulia ndimu pale. "Kila siku, samaki atapikwaje?" alijibu. Fundi akatoa mfukoni kipande cha marumaru anachotembea nacho, akakamulia tone la ndimu, tukainama. Povu dogo lilitokea kwenye kingo za tone, na tulipofuta, mng'ao ulikuwa umeondoka. Hakuna sila ya kuzama inayozuia jambo hilo. Sila inazuia doa. Asidi haiachi doa, inakula uso wa jiwe, na dawa yake ni kung'arisha upya kwa unga wa kung'arishia na spanji. Wenye nyumba wengi wanauziwa kopo la tatu na la nne kwa sababu hakuna aliyewaeleza tofauti hii.

Tuliporudi Kilifi tope la mwisho lilitoka safi. Kitanda cha maua kilikuwa kimehamishwa, gata limepewa bomba, na mtaro wenye kokoto unachimbwa kando ya baraza. Mama aliitazama sakafu yake iliyobaki tupu, kijivu na yenye vishimo hapa na pale, na hakuficha kwamba moyo wake haujatulia. "Fundi, ndiyo imepona, lakini mimi nilinunua jiwe la kung'aa."

Fundi alikwenda nyuma ya jikoni akarudi na mabamba matatu yaliyobaki tangu ujenzi. La kwanza aliliacha kama lilivyo. La pili alilipaka dawa ya kuzama ya kawaida. La tatu akalipaka dawa ya kuzama inayokoleza rangi, ambayo huleta ule weusi wa jiwe lililolowa bila kuweka utando. Yalikaa juani mpaka alasiri. Mama aliyazunguka, akayamwagia maji, akayakanyaga peku, akamwita binti yake naye ayakanyage. Alichagua la tatu kwa ukumbi, siku ile akriliki itakapochakaa na kuondolewa. Kwa baraza alichagua la pili, kwa sababu lilikuwa na ukavu unaoshika mguu, na wageni wake hutoka baharini wakiwa wamelowa.

"Lini sasa?" aliuliza.

Fundi alisema vuli ipite. Kaskazi ikishavuma, Januari au Februari, atakuja kubandika nailoni tena usiku mmoja, na ikiamka kavu atapaka mara moja, nyembamba, na kufuta. Ikiamka na matone, hatapaka. Mpaka wakati huo baraza ioshwe kwa maji ya mvua na sabuni laini ya maji, siki na ndimu zikae jikoni, na kijana wa bustani asimwagilie chochote karibu na ukuta. Mama aliandika yote nyuma ya risiti, akaibandika kwenye mlango wa friji.